Goti la Kyalo Lisikandwe

Mtito Andei,
Jumatatu asubuhi

Kwako dada yangu Mbithe, Mama Kyalo,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba kifua chako kimetulia na mbaazi zimepata mvua. Mimi ningali natunza funguo za gesti, na Mungu hajanichoka. Uniwie radhi kukuandikia. Habari hii ni nzito kwa simu.

Nimesikia kwamba umemwita mkandaji aje Jumamosi kulinyoosha goti la Kyalo. Nisamehe, dada. Nakataa.

Wakumbuka marehemu baba alivyonishika mabega huku goti langu likinyooshwa kwa mafuta na nguvu. Kulipopambazuka lilikuwa limevimba kama kibuyu, na tangu hapo halijanyooka sawasawa. Hatukujua kwamba tuna hemofilia, kwamba damu yetu haigandi upesi, na kwamba mama huweza kuwarithisha wanawe pasipo kosa lake. Simlaumu baba. Lakini jambo lile halitarudiwa nikiwa hai.

Huku kliniki nilimweleza binti anayeshughulikia viungo, kwa adabu, kwamba nimeshanyooshwa vya kutosha. Akacheka. “Babu, hapa hunyooshwi. Unanyoosha mwenyewe.”

Basi kila asubuhi naweka taulo iliyokunjwa chini ya goti, nalikandamiza polepole, nahesabu hadi tano, naachilia. Likiwa na moto au limevimba, sifanyi zoezi lolote: napumzika, naweka kitambaa baridi, naenda kudungwa dawa ya kugandisha damu.

Madereva wa malori hunitania: “Mzee wa funguo, unapanda, ama tukuteremshie ghorofa?” Napanda. Kanisani wameniwekea kiti cha plastiki nisisumbuke wakati wa nyimbo. Nawashukuru, kisha nasimama.

Kyalo ni fundi wa mawe. Bila goti hana kazi. Mpeleke hospitali punde usomapo haya, na uwaambie waziwazi habari za damu yetu. Samahani kwa ukali huu, lakini mila yetu humpa mjomba neno juu ya mpwa wake, nami sijawahi kulitumia. Leo nalitumia: asikandwe.

Nisalimie shemeji, na binti yako mwalimu aliye Tawa. Naye asome barua hii, maana ana wana wa kiume. Mwambie mchungaji wenu kwamba kile kiti cha wagonjwa alichoniahidi nakiombea mtu mwingine.

Mkandaji akija Jumamosi, mpe chai. Atanikuta hapo Kanyangi, mlangoni pako, nimesimama.

Ni mimi kaka yako,
Nzioka