Aliyeacha Mshumaa

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili hauna neno. Ya moyoni utayasoma humu.

Mama hajambo? Nasikia kiberiti umekifungia kabatini, na jikoni haingii bila wifi kusimama kando. Hongera. Aliyetupikia maisha yote leo analindwa kama mtoto anayetambaa.

Karatasi yako ya masharti bado iko ukutani, pembe moja imeungua: mshumaa usimame kwenye sahani ya bati, uwe mbali na pazia, usiachwe peke yake. Ulimsomea mama mbele ya majirani, naye akaitikia tu, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Kaka, hayo mama aliyafuata kabla hujazaliwa. Umeme ukikatika, mshumaa wake aliusimamisha kwenye bakuli la mchanga, na hakutoka chumbani kabla ya kuuzima.

Sisi mafundi nguo tuna tabia yetu. Tukikata utepe wa nailoni, ncha zake tunazipitisha motoni zisifumuke. Mchana ule nilikuwa namalizia gauni la bibi harusi. Nikawasha mshumaa, nikaubandika juu ya kifuniko cha plastiki cha mkebe wa vifungo, karibu na pazia, maana dirishani ndiko kwenye mwanga. Mteja akabisha hodi. Nikatoka kumpima, tukanogewa na soga. Niliporudi, pazia lilikuwa limeteketea, na mama anapigana na moto kwa blanketi alilolilowesha, mikono imeshababuka.

Ulipofika ulisema aliyeacha mshumaa ule hatakaa tena katika nyumba yako hii tunayoishi mimi na mama, kisha ukauliza ni nani. Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ni mimi, mwanangu. Uzee huu, nilisahau."

Nami nikaufunga. Tena ulipomchukua kwenda naye kwako, mizigo yake nilimfungia kwa mikono yangu hii mizima, na hakunitupia hata jicho la lawama. Tangu hapo kila mshono ninaoshona unanichoma.

Akili ya mama haina kasoro. Mrudishe nyumbani. Chumba chake nimekifagia, na cherehani yangu iko kwenye gunia, mlangoni. Ile karatasi nitaibandua niondoke nayo.

Nisalimie wifi na watoto. Mama msomee barua hii, mbele ya majirani wako pia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi