Dirishani Peke Yangu

Jumatano, baada ya isha

Miguu yangu ndiyo iliyoniponza.

Mkufunzi alitaka sisi tunaosomea ualimu wa historia tujipime wenyewe. Kwa kila mada, anayeijua aende dirishani, asiyeijua asimame mlangoni. Kwa utawala wa Waitalia nilikwenda mlangoni bila haya. Kisha akasema, "Visiwa vya Wabajuni." Nikajikuta dirishani, peke yangu. Mimi mtu wa Chovae, kimoja cha visiwa hivyo, ningesimama wapi?

"Vizuri," akasema. "Jumamosi utatufundisha wewe, nikupe alama."

Tangu alasiri nimeikodolea macho karatasi tupu. Najua pa kukanyaga mwambani maji yakipwa. Najua kwamba kwenye magofu ya mawe ya kisiwani kwetu tulikatazwa kucheka. Lakini nani aliyajenga, na kwa nini watu waliyahama? Sijui. Maktaba ya chuo ni kabati moja, na humo sisi hatumo.

Nikampigia simu shangazi aliye kisiwani Kudhaa. Ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilimwuliza yote mfululizo.

"Mwanangu," akasema, "wachu wa kuyajua hayo wamekwisha. Mimi nakungojea wewe usome, uje utwambie."

Alisema kwa fahari, na hilo ndilo linaloniua. Nikamjibu inshallah, shangazi.

Naweza kusema Jumamosi naumwa. Somo litarukwa, wataendelea na Waitalia, na hakuna hata mmoja atakayeuliza limekwenda wapi.