Gari Alilolichagua Baba kwa Masikio

Kambarage,
S.L.P. 214,
Shinyanga.
18 Januari, 1998.

Mpendwa Mjomba Bartholomeo,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakufikia huko Gaborone ukiwa mzima, wewe na Mama Eustace, pamoja na Eustace mwenyewe ambaye sasa lazima ananipita kimo. Mgongo wako unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ulisema uliiandika umesimama, karatasi ukiwa umeiweka juu ya friji. Mama alicheka sana aliponisikia nikisoma hapo, kisha Jumapili akaenda kukuwashia mshumaa kanisani. Tafadhali tuambie kama huo mshumaa umefika mahali ulipolengwa.

Sisi hatujambo. Mvua hizi ambazo redio inaziita El Niño zimetuonyesha mambo. Reli imekatika, madaraja yamekwenda, na barua yako ya Oktoba iliingia hapa wiki moja tu kabla ya Krismasi, bahasha ikiwa imevimba kama andazi. Waliopanda mpunga juu wanachekelea, na waliopanda bondeni wanatafuta majaruba yao. Shule tumefungua Jumatatu iliyopita. Bado nafundisha fizikia, kidato cha kwanza hadi cha tatu, na bado nasahau kula mchana.

Uliuliza habari za macho ya Baba, na ulitaka nikueleze bila kuficha. Ni presha ya macho, Mjomba. Daktari wa Mwanza anasema kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa za matone ni za kulinda kile kidogo kilichobaki. Jicho la kushoto limefunga. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwezi wa Agosti alitoa leseni yake mfukoni, akaiweka kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Miaka thelathini na moja ameendesha malori ya pamba, na siku ile aliishia kufunga mlango wa kabati taratibu tu.

Unamjua shemeji yako. Hajawahi kusinzia katika gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Hata kwenye basi la Mwanza hukaa ameukaza mguu wa kulia sakafuni, anashika breki isiyokuwepo. Dada Mageni humtania kwamba siku moja atatoboa chuma atue barabarani.

Sasa nifike kwenye shukrani zangu, maana ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Kile kiasi cha pesa ulichotuma kilifika salama. Mama alikiongezea bei ya baadhi ya ng'ombe wake waliokuwa wakichungwa kwa Baba Mdogo Nkwabi kule Kagongwa, nami nikaongeza changu kidogo. Lakini zaidi ya hicho nakushukuru kwa sentensi moja uliyoiandika: kwamba tununue gari la kazi, lakini liwe gari ambalo dereva wake ataamka asubuhi akilitamani. Nilimsomea Baba sentensi hiyo mara mbili. Mara ya tatu aliniomba mwenyewe.

Kazi za gari zilikuwa wazi. Kumpeleka Baba kliniki Mwanza kila mwezi. Kufika shambani Kagongwa wakati udongo wa mbuga umegeuka uji. Kumpelekea Dada Mageni mchele Bugarama, maana mgahawa wake unalisha wachimbaji, na wachimbaji hawajui kusubiri. Na dereva ni mmoja tu, mimi, mwenye leseni ya mwaka mmoja.

Baba alitaka Land Cruiser, na hakutaka kusikia jina jingine. Sababu yake sikuijua mpaka nilipombana. Alisema, "Zamani gari likikwama nilishuka, nikaingia chini, nikatoka na jibu. Sasa likikwama mimi nitakuwa mzigo mmojawapo. Kwa hiyo lisikwame." Nilikwenda jikoni kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Basi akapatikana Masalu, dalali wa dhahabu kutoka Geita, mwenye Land Cruiser nyeusi inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Alikuja nayo mchana. Nikaiendesha hadi Ibinzamata na kurudi. Ni gari la nguvu kweli, lakini lilikuwa refu na zito mikononi mwangu, na njia nzima nilihesabu mashimo bila kusema neno. Baba alikaa kando yangu, mguu wake umekaza sakafuni. Injini ililia vizuri. Masalu akasema tupeane mikono.

Mama akakataa. Unamjua dada yako, amekulia mnadani. Alimwambia Masalu kwamba kwao hawanunui ng'ombe aliyekwisha kusimama. Unafika alfajiri, unamkuta amelala, unatazama anavyoinuka, maana hapo ndipo mwenye goti bovu husema ukweli. Masalu alicheka, akasema gari si ng'ombe. Mama akasema hilo analijua, na kwamba tutaonana saa kumi na mbili asubuhi.

Tulifika nyumba ya wageni aliyofikia, umande bado uko kwenye majani. Mama hakumsalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kama anayempima mtoto homa. Boneti lilikuwa la moto.

"Huyu ameamshwa kabla yetu," akasema.

Masalu akadai alikuwa amekwenda kununua mkate. Baba akamwomba kwa upole sana tuliache lipoe hadi mchana, kisha tuliwashe pamoja. Ghafla Masalu akakumbuka ana safari ya Geita. Mkate wenyewe hatukuuona.

Baada ya hapo nilifanya kosa langu. Kulikuwa na Suzuki ndogo ya milango miwili, ya daktari mmoja aliyehamishwa. Mjomba, lile gari lilirukaruka kama mbuzi mchanga. Ukiwaza kona, limekwisha kata. Nilirudi nalo nyumbani mashavu yananiuma kwa kutabasamu. Mama akaingia kiti cha nyuma, magoti yakamfika kidevuni, akauliza mchele utakaa wapi, na Baba atanyoosha mguu wake wapi. Kisha akashuka, akajipukuta kanga. "Gari zuri," alisema. "La wachumba."

Aliniponya kwa kicheko, lakini usiku ule niliona haya. Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe uliyenipa usukani kwa mara ya kwanza, likizo ile ya mwaka 1989, kwenye mbuga kavu, Baba alipokuwa amesema msichana wa kidato cha pili hana haja nao. Tangu siku ile napenda kuendesha gari kuliko ninavyoweza kumweleza mtu. Na tangu Agosti kila nilipokaa nyuma ya usukani nilijihisi kama mtu aliyevaa koti la mwenzake aliye hai. Kila furaha niliyoipata niliona ni furaha iliyong'olewa kwake. Ndiyo maana kwenye Land Cruiser nilinyamaza, na ndiyo maana niliamua moyoni kwamba lolote atakalolichagua Baba nitaliendesha kama kazi ya adhabu, bila kulipenda.

Ni Mama Varsha aliyetuambia kwamba wanauza lao. Unamkumbuka mumewe, Vinod, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko? Wanahamia Mwanza kwa kaka yake, Nitin, na hawakutaka kuhama na magari mawili. Lilikuwa Pajero ya milango mitano, ya dizeli, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani ya chai, na ubavuni lina mkwaruzo ambao Vinod alituonyesha mwenyewe kabla hatujauona.

Tulikwenda saa kumi na mbili, bila shaka. Vinod alitoka na nguo za kulalia, nywele zimesimama.

"Mama, hata chai sijanywa," akasema.

"Ndivyo tunavyotaka," Mama akamjibu. "Nalo halijanywa."

Akaweka kiganja. Baridi kama mtungi. Likawashwa, likakohoa mara moja, likatulia. Kisha Mama akatoa gunia alilokuja nalo amelikunja kwapani, akakunja viti vya nyuma kwa msaada wa Mama Varsha, akalitandaza, akapima. Magunia mawili na nusu, na Baba bado ana nafasi ya mguu wake mbele. Mama Varsha alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Alisema ameuza na kununua miaka ishirini mjini hapa na hajaona gari likipimwa kwa gunia.

Baba bado alikuwa na uso wa Land Cruiser. Alisema tuliendeshe tu, kwa heshima ya jirani. Nikashika usukani, Baba kando yangu, Mama na Vinod nyuma, tukaelekea barabara ya Tinde. Mvua ilikuwa imeosha anga. Gari lilikuwa juu vya kutosha kuona mbali, lakini halikunivuta upande wala kunibishia. Gia ziliingia kama mkono kwenye mfuko unaoufahamu. Palipoharibika niliunganisha magurudumu yote manne, likapita kwenye tope bila kelele, na upande wa pili palikuwa na kona ndefu inayoshuka, nami nikaiachia.

"Simamisha, mayu," Baba akasema. Huniita hivyo, kama wazee wetu wa Kisukuma wanavyowaita mabinti zao, anapokuwa na neno zito.

Nilidhani nimegonga kitu. Nikaegesha pembeni.

"Unajua kwamba umeimba tangu darajani?"

Sikujua, Mjomba. Nakuapia sikujua. Mama akasema ulikuwa ni wimbo wa kwaya, na kwamba niliukosea.

Baba aligeuza uso kwangu, akanitafuta kwa lile tundu lake la ufunguo mpaka akanipata. Akasema, "Tulipokuwa tunalima kwa maksai, jozi iliyomnyamazisha mwenye plau tuliiuza, hata ikiwa na nguvu namna gani. Maana mtu anayelima kimya huacha kulima mapema. Kwenye lile jeusi ulikuwa kimya kama uko msibani. Mimi sioni barabara tena, lakini nasikia dereva." Kisha akageuza kichwa nyuma. "Vinod, tumelichukua hili."

"Mzee, bei hatujapatana."

"Hiyo utapambana na Mama."

Walipambana kwa saa mbili na birika mbili za chai, na Vinod anasema hajafurahia kushindwa namna hiyo tangu azaliwe.

Nimekaa na maneno ya Baba siku nyingi. Nilijiona naiba, kumbe mwenyewe alikuwa anasikiliza kama nimepokea. Nilikuwa tayari kumheshimu kwa kununa. Nakushukuru kwamba ulilijua hili kabla yangu, ukaliandika kwa sentensi moja ya kawaida katikati ya habari za mgongo wako.

Sijasema kila kitu ni chepesi. Mchele mwingi wa Dada Mageni utaendelea kwenda kwa lori, sisi tutabeba wa dharura. Baba bado ananisahihisha: nabadili gia mapema, nashika klachi kama nashika yai. Na kuna asubuhi hutoka kwenda kulifuta gari vumbi kwa mkono, polepole, pembe hadi pembe, nami humwacha.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kagongwa, safari yetu ya kwanza ya kweli. Baba alikuwa ananitajia njia kwa makalio yake: hapa ni Tinde, hapa ni lile shimo la tangu mwaka themanini, hapa lori langu lilivunjika springi. Mguu wake ulikuwa umekaza sakafuni kama kawaida. Nami nikawa naimba chinichini, safari hii kwa kujua. Tulipopita Isaka, habari zake za njia zikakatika katikati ya neno. Nilidhani amechukizwa na kitu. Nikatupa jicho upande.

Mguu wake ulikuwa umelegea, kiatu kimelala ubavu. Kichwa kimeegemea kioo, kinywa wazi. Baba alikuwa amelala usingizi, Mjomba, mchana kweupe, katika gari linaloendeshwa na mtu mwingine.

Kwenye kioo cha ndani nilimwona Mama ameweka kidole midomoni. Lakini niliogopa kwamba nikinyamaza ataamka. Kwa hiyo nilipunguza sauti, nikaendelea kuimba mpaka Kagongwa.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakunywa ile dawa ya mizizi aliyokutumia au umempa jirani. Baba anasema ukija likizo atakaa nyuma, akupishe kiti cha mbele, na hiyo si ahadi anayompa kila mtu. Dada Mageni anakusalimu kutoka Bugarama, na Baba Mdogo Nkwabi anasema ng'ombe waliobaki wananenepa. Mpe shikamoo yangu Mama Eustace, na umwambie Eustace kwamba akija nitamfundisha kwenye ile ile mbuga, ikishakauka.

Mungu aunyooshe mgongo wako, akulinde barabarani na mbali na barabara. Wabeja, Mjomba. Asante yangu kwa Kisukuma inanitoka vizuri zaidi.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukukumbuka nikiwa usukani,

Apolonia Masele