Mguu Ulioelekea Mlangoni

Jumatano, 3 Septemba

Mguu juu ya mito mitatu. Miye chini yake kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Nshalala chali mpaka mgongo umekufa ganzi. Mama kaleta uji, kaniangalia, katoka bila ya kusema kitu. Bora angetukana.

Kisigino cha kulia kimevunjika. Si ufa. Kimevunjika vipande, kama biskuti ya kileja iliyoanguka sakafuni. Daktari Salma aliiweka picha kwenye mwanga akanionesha kwa kalamu: hapa, na hapa, na huku. Nikamwambia huyo si miye, kachanganya picha. Hakucheka. Daktari wa mifupa mzima, mfupi kuliko miye nikiwa nimekaa, na hajui kucheka.

Forodhani nzima wanajua nani bingwa wa makachu, wale warukaji baharini. Kuchupa kutoka ukutani wanachupa wengi, hata watoto. Kugeuka mara mbili hewani ukaingia majini bila ya kurusha tone, huyo ni Hassan peke yake. Jumapili maji yalikuwa yanakupwa. Mwenzangu Mudi akasema, "Yakhe, yashapungua hayo." Nikamwambia pungua wewe. Nikakimbia, nikaruka, nikageuka mara mbili, vizuri kuliko siku zote. Nikatua wima.

Juu ya mchanga. Maji ya magotini.

Watu walipiga makofi kwanza, ndio wakasikia ukelele.

Alhamisi, 4 Septemba

Kumbe hawanipasui sasa hivi. Nilidhani unavunjika, unapasuliwa, unatiwa chuma, unakwenda zako. Daktari kasema mguu umevimba mno. Akiikata ngozi iliyovimba haitofunga, itaoza. Lazima uvimbe ushuke mpaka ngozi ianze kukunjamana yenyewe akiibonyeza. Lakini asisubiri sana, maana baada ya wiki kama tatu mfupa unaunga wenyewe, kombo. Hapo nitakuwa na kisigino kipana kisichoingia kiatu, na kila hatua itauma. Kuruka nisahau.

Kwa hiyo kanifunga plasta ya nusu, ya nyuma tu, na bendeji juu yake. Kazi kanipa moja: mguu uwe juu kuliko moyo, mchana na usiku, ila nikienda chooni.

Nikacheka. Mtu aliyeachishwa skuli Kidato cha Pili kwa uvivu unampa kazi ya kulala? Hii nitafaulu kwa alama zote.

Jioni Bi Mwajuma wa nyumba ya pili kaja kuniangalia. Kabla hajavuka kizingiti Mama kashanong'ona: "Shusha mguu, mtu mzima anaingia."

Chumba changu chembamba. Kitanda kimekaa kichwa ukutani, miguu mlangoni. Anayeingia anapokewa na unyayo wangu. Na kwetu kumwelekezea mtu mzima unyayo ni sawa na kumtukana, hata kama umefungwa bendeji. Basi nikaushusha. Ukaning'inia kando ya kitanda, damu ikateremka yote, kisigino moto. Bi Mwajuma akasimulia nyonga yake. Ana nyonga ndefu yule mama, haimaliziki.

Jumamosi, 6 Septemba

Mudi kaja na simu. Kanionesha video. Yeye, ukutani, kageuka mara mbili. Maji yameruka kama katumbukizwa ng'ombe. Nikamwambia hivyo. Kasema, "Ng'ombe lakini anarudi nyumbani kwa miguu yake." Kisha akakitazama kisigino changu: "Hassan, hilo embe dodo utalivuna lini?"

Nimemtupia mto. Kosa. Nikabaki na miwili.

Kakenua meno akanirudishia. Lakini nimekasirika kweli. Wiki moja tu na pahala pangu keshapakalia.

Jumatatu, 8 Septemba

Hospitali. Teksi, magongo, benchi, benchi jengine. Daktari kafungua bendeji, kabonyeza kama anachagua embe sokoni Darajani. Kidole kikaacha shimo. Ngozi inang'ara kama imepakwa samli, na pembeni imetoka malengelenge.

"Unauinua?"

"Nnauinua, daktari."

"Huuinui."

Nikasema nnauinua wallahi, silali hata kwa ubavu. Mama akanishuhudia. Daktari kaandika. Kunidhania mwongo siku ambayo nasema kweli! Nimedanganya walimu miaka na miaka wakaniamini.

Jumanne, 9 Septemba

Wametoka Tumbatu. Jamaa wa marehemu baba, wote, nadhani kisiwa kimebaki na kuku. Wameleta pweza mkavu na maneno. Wanaingia kwa zamu. Kila zamu, shikamoo, marahaba, shusha mguu, pole, umeanguka wapi, hebu tuone. Miye nshajua kushusha kwa mikono miwili kama mtu anayetua ndoo. Ami Makame kakaa baina ya adhuhuri na alasiri akieleza namna alivyovunjika yeye mwaka wa karafuu nyingi, akachuliwa, akapona, na leo anatembea. Anatembea, kweli. Kama kaa.

Kataka kunichua na miye. Nikapiga ukelele kabla hajanigusa. Watu wakasema nimedekezwa.

Jumatano, 10 Septemba

Harusi Mwanakwerekwe. Mama kaenda, Bi Mwajuma kaenda, mtaa mzima umeenda. Kimya mpaka nasikia friji. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyenisalimia. Mguu juu tangu asubuhi.

Jioni nimechungulia pembeni mwa bendeji. Imelegea! Kidole kidogo kinapita. Ngozi hainang'ari tena.

Nimeimba peke yangu. Sauti yangu nzuri, basi tu sijapata wa kunisikiliza.

Alhamisi, 11 Septemba

Watu wa Tumbatu waliolala kwa jamaa wamerudi kuaga. Kuaga nako ni ziara. Magharibi bendeji imebana tena, kana kwamba ya jana niliyaota.

Hapo ndipo akili iliponifunguka. Si mguu unaokataa kushuka uvimbe. Ni wageni. Kila pole moja inaniteremsha mguu, na pole ni nyingi. Miye Hassan, niliyechapwa skuli kwa kukosa adabu, nikachapwa chuo cha Kurani kwa kukosa adabu, naharibikiwa kisigino kwa sababu ya adabu!

Nikamwambia Mama. Kasema, "Sasa niwafukuze? Watu wanakuja kumwangalia mgonjwa, niwafungie mlango?" Nikamwambia tugeuze kitanda. Akaniangalia kama nimekufuru. Kweli, nikigeuza, miguu itaelekea kibla. Upande mmoja mlango, upande mmoja kibla. Chumba chenyewe hakina upande wa tatu.

Nikamwambia basi nisishushe. Kasema, "Kesho anakuja Maalim Khamis baada ya sala. Usinitie aibu."

Nimemwambia kisigino changu kikiunga kombo atakuwa na aibu ya kunitazama nikichechemea maisha yangu yote. Neno zito. Kachukua kikombe, katoka. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ijumaa, 12 Septemba

Maalim Khamis alinifundisha Kurani toka alif mpaka nilipotoroka. Mtaa mzima umepita mikononi mwake. Mama bado akimsikia anakohoa uchochoroni anavuta mtandio.

Kaja na kanzu ya Ijumaa, ananukia udi. Mama keshatandika khanga juu ya mguu wangu, kajidanganya kwamba mlima ukivikwa nguo si mlima tena. Akaninong'oneza, shusha. Nikatikisa kichwa. Akaushika mwenyewe auteremshe. Nikamshika mkono. Kwa upole, lakini nikaushika.

Maalim kasimama mlangoni. Unyayo na ndevu, ana kwa ana.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba." Macho kwenye khanga. "Mguu huo haushuki?"

"Unashuka, Maalim. Lakini ukishuka unavimba, ukivimba sipasuliwi. Daktari kanikataza."

"Daktari kakukataza adabu?"

Mama kasema, Maalim msamehe, mtoto ana homa. Sina homa. Nikasema, "Sina homa, Maalim. Nakuheshimu na mguu ukiwa juu. Hapa hapa ulipo."

Nilitaka itoke vizuri. Ilitoka kama mzaha, kwa sababu kila ninachosema kinatoka kama mzaha. Ndio tabu ya kuwa na mdomo huu. Maalim kaniombea dua fupi sana, akiwa amesimama, akaondoka. Kahawa haikuguswa.

Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, kanipa mgongo. "Umenivua nguo, Hassan."

Moyo unauma kuliko kisigino. Lakini mguu sikuushusha.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuja mtu.

Habari imeshaenea mtaa wetu wote wa Mlandege, mpaka madukani. Mudi kasema imemfikia hivi: Hassan kampiga teke Maalim. Kasema yeye kanitetea, kawaambia Hassan kwa mguu ule hawezi kupiga teke hata nzi. Rafiki wa kweli, mshenzi yule.

Mama anapika, anaosha, anaweka sahani, anatoka. Hanisemeshi. Mguu juu. Nimeona bora ningekuwa na wageni kumi na mama mmoja anayesema.

Jumatatu, 15 Septemba

Mama kanisindikiza, kimya kwenye teksi, kimya kwenye benchi. Nilikuwa naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu: nilikuwa naogopa kweli. Wiki mbili zimekwisha. Akisema bado, basi.

Daktari Salma kafungua. Malengelenge yamekauka. Akaibana ngozi kwa vidole viwili, pembeni mwa kisigino, polepole. Ikafanya mistari. Midogo, mingi, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

"Hii hapa," kasema. "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka. Alhamisi." Kisha akamgeukia Mama: "Mmefanya nini safari hii?"

Mama kainama akaitazama ile mistari. Akaitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma jina la mtu anayemjua.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamenichoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni si wangu. Nimesikia wanagonga, wanazungusha skrubu, kama fundi seremala jirani, na sikusikia maumivu yoyote. Nikamuuliza daktari kama chuma hicho kinashika kutu baharini. Mara ya kwanza kacheka, nyuma ya kitambaa cha mdomoni. Nimeona macho.

Kasema vipande vimekaa vizuri. Kutembea, nitatembea. Mguu hautogeuka pembeni kama zamani, kwenye mawe nitapata tabu. Kuruka, tuulizane mwakani.

Mwakani.

Usiku dawa ya ganzi imekwisha nguvu. Haya si ya kuandika.

Jumanne, 23 Septemba

Nimerudi nyumbani. Mguu mzito, unapwita, lakini vidole vinacheza.

Alasiri kabisha hodi Bi Asha, mke wa Maalim Khamis. Peke yake. Nikasikia buibui lake ukumbini, na mikono yangu ikaenda yenyewe kuushika mguu niuteremshe. Mama akaniwekea kiganja gotini, akakandamiza.

"Kaa hivyo hivyo."

Akatoka akarudi na kigoda, akakipitisha juu ya kitanda, akakiweka huku kichwani kwangu, kwenye ile nafasi ndogo baina ya mto na kabati. "Karibu Bi Asha, pita huku. Jifinye kidogo tu, huku ndiko kwa wageni."

Bi Asha akajifinya. Akaupita mguu wangu, akakaa, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina joto. Hakumtaja Maalim. Mama naye hakumtaja. Wakaanza habari za bibi harusi wa Mwanakwerekwe, nani kavaa nini, biryani ilikuwa na chumvi.

Nikasinzia wanazungumza juu ya kichwa changu.