Puto la Baba Yako Mdogo

Limeruka! Puto la baba yako mdogo Salum limekaa hewani mbele ya walimu wake wote, nami mama yake nimepiga vigelegele chuo kizima kikageuka. Marahaba, Idi, mjukuu wangu, mume wangu. Huku Guangzhou sote wazima.

Umeniuliza kama kweli maputo ya vita ya zamani, yale yenye injini, yalitiwa ndani bitana ya utumbo wa ng'ombe. Kweli. Salum anasema haupitishi gesi. Lakini lake la mtihani, la kitambaa, lilikuwa limenywea mara mbili, na kama lingenywea tena, asingepata digrii.

Nikakumbuka nilipoanza biashara huku ujanani, siku ya kwanza soko la vitambaa la Zhongda. Nilichagua kwa rangi. Mama mmoja wa Kichina, muuzaji, akanibandika kitambaa mdomoni: "Dada, puliza!" Pumzi ikapita yote. Akacheka. Tangu hapo sinunui bila kupuliza.

Basi nikakipuliza cha Salum.

"Mwanangu, umenunua chandarua!"

"Mama, mimi mhandisi."

"Mhandisi wa chandarua!"

Tukaenda Zhongda, nikapuliza majora kumi na moja mpaka moja likanirudishia pumzi usoni. Ndilo alilolishona upya, ndilo lililoruka.

Mwambie baba yako akate tiketi. Mahafali ni Jumamosi ya mwisho ya Juni, na nawataka wote.