Tangi Lako Liko Juu ya Kaburi

Bashi Chanda, rafiki yangu,

Nimerudi. Najua nimechelewa, usinitazame hivyo. Nilipofika Kashikishi wewe ulikuwa umeshalala chini ya udongo, na watu walikuwa wameshaanza kurudi kwenye nyavu zao. Ningekuja makaburini nikuambie haya mdomo kwa sikio, lakini dada yako, Mayo Mwansa, yuko pale karibu kila siku, anafagia, anang'oa majani, na neno nililo nalo si la kusikiwa na yeye. Kwa hiyo nimeondoa kitambaa kwenye cherehani, nimekaa, ninaandika.

Uliniacha navuka kwenda Kilwa, upande wetu wa Kongo, kumwona mama yangu na kuchukua kabureta ya pikipiki yako, Mpumbu. Ulikuwa unakohoa, lakini ulikuwa unakohoa tangu mvua zianze, na mtu anazoea. Ulinisindikiza hadi bandarini ukinigombeza njia nzima. "Mushonaji, uangalie sawa. Beko banauzisha ya kushoto. Sisi tunatafuta ya kuume. Usiniletee ya kushoto, utarudia na mutumbwi uleule."

Nilileta ya kuume, Bashi Chanda. Niliipata kwa mzee mmoja mwenye gereji iliyokufa zamani, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa chenye grisi. Halafu vita vikaja. Askari walichukua injini za mitumbwi, na aliyebaki na injini akaificha. Nikakaa Kilwa na kabureta yako ndani ya soksi yangu ya kanisani, nikitazama ziwa bila namna ya kulivuka. Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyekuwa amepenya kutoka upande wenu ndiye aliyenipa habari, hivi hivi tu, huku akipanga mafungu yake. "Eh, haukusikia? Ule rafiki yako wa mapikipiki? Kumbe balishamuzika!" Niliketi palepale, juu ya gunia la mtu la dagaa wakavu, na mwenye gunia hakunifukuza.

Sikukuzika. Nimeandika, nimeona imekaa kwenye karatasi, na bado siamini. Miaka yote hii tunasukuma vyuma pamoja, mimi nyuma, wewe kwenye usukani, halafu siku ya kukubeba wewe mimi sikuwepo.

Unakumbuka ulivyoniingiza katika wazimu huu? Ulikuja dukani na kiti cha pikipiki kwapani, kimeraruka, panya wameshakaa ndani. Nikakuambia, baba, mimi ninashona suruali. Ukanijibu bila kucheka, "Na suruali na kiti, si matako njo ileile?" Nikakishona. Nilitumia turubai ya mchuuzi na uzi wa nyavu, na ulipokirudisha kwenye pikipiki yake ukaniita nije nione. Ilikuwa ile ndogo nyekundu uliyoitoa nyuma ya misioni, kuku alikuwa ametagia ndani ya taa yake. Ukaipiga kiki, ikalia kwa sauti nyembamba ile, na Bana Chanda, mke wako, akasema kelele gani hii kama samaki wadogo kwenye mafuta. Ndipo tukaiita Chisense, jina la dagaa wetu wa Mweru. Tangu siku ile nilikuwa mtu wako.

Watu walitucheka sana. Wenzetu wakipata kitu wananunua nyavu, wananunua mabati. Sisi tunanunua maiti za Kijapani. Banda likajaa: Chisense, ile ya kijani waliyoiacha wakaguzi wa samaki, mbili nyingine ambazo hazikuwahi kupata hata jina kwa sababu zilikuwa mifupa tu, na Mpumbu. Wachuuzi walikuja kukuomba pikipiki za kubebea samaki hadi barabarani. Uliwakatalia wote. Ulisema huyu ni mgonjwa aliyepona, humbebeshi gunia siku anayotoka kitandani. Sisi tulikuwa tunaziendesha Jumapili tu baada ya ibada, taratibu, hadi mwisho wa soko na kurudi, mashati meupe, nywele zimechanwa. Mara moja tu tulijitia ujasiri tukaenda hadi Chienge, Chisense ikafia mchangani, na ulikaa chini ukaifungua kabureta ukaipuliza kwa mdomo, ukapanda tena na midomo myeusi. Mkuu wa pale alitupokea vizuri lakini alikuwa anakutazama midomo tu.

Halafu lile sufuria. Ulichemsha cheni ndani ya grisi kwenye sufuria la mboga la Bana Chanda, ukalisugua na majivu, ukadhani yamekwisha. Jioni ile tulikula kisamvu chenye ladha ya gereji na hakuna aliyethubutu kuuliza. Bana Chanda alikutazama tu. Alinikumbusha hilo juzi, akacheka mpaka akalia, halafu akaendelea kulia bila kucheka.

Lakini Mpumbu ndiye alikuwa roho yako. Silinda mbili, ya miaka ya sitini, aliyoiacha mfanyabiashara mmoja Mgiriki alipohama. Uliipa jina la samaki ambaye wazee wanamsimulia zaidi kuliko sisi tunavyomla. Ilikuwa haina tangi, haina kabureta ya kuume, haina karibu kitu. Ukakataa kuiwekea kitu cha pikipiki nyingine. Nilisema, si tuweke tangi la ile ya kijani? Ukakasirika kama nimekuambia umkate mtoto mguu. "Yake tu njo itaingia, Mushonaji. Ya mwenzake hapana."

Na tangi lenyewe lilipatikana wapi? Kisiwani Chisenga, kwenye kambi ya wavuvi, mtu analiwekea petroli ya injini ya mtumbwi. Jekundu lililoiva, mbavu za krome, halina hata kovu. Hakutaka chochote chako. Alitaka suti ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake, na mimi nikaishona, vipande vitatu, nikaivusha mwenyewe. Ulilibeba tangi hilo ndani ya mtumbwi juu ya mapaja yako, umelifunika na koti, na mvua ikakunyeshea wewe. Nilitaka kuling'arisha ukanipiga mkono. Ulisema rangi hii iliwekwa na mtu wa kule Japani, sisi ni nani hata tuiguse. Ulikuwa unalipangusa kwa kitambaa kikavu tu, kila nilipokuja nakukuta unalipangusa.

Sasa sikia. Siku mitumbwi ilipoanza tena kuvuka, nikashuka bandarini, sikupitia hata nyumbani. Bana Chanda na Mayo Mwansa wakanipeleka makaburini. Nilikuwa na kabureta mfukoni. Nikaona udongo wako bado mpya, nikaona vikombe, sahani ya bati, taa yako ya chemli, vyote vimetobolewa kama tunavyofanya, ili kitu cha marehemu kibaki cha marehemu. Na kichwani kwako, juu kabisa, tangi la Mpumbu.

Nitakuambia ukweli kwa sababu hatukuwahi kudanganyana. Nililia tangi kwanza. Wewe nilikulilia baadaye kidogo, na nikakulilia sana, lakini tangi lilitangulia.

Mayo Mwansa alinishika mkono. Alikuwa na fahari, Bashi Chanda, fahari ya mtu aliyetimiza wajibu mgumu. "Njo ile alipendaka kupita byote," akaniambia. "Kila mara nilikujaka nilimukuta anaipanguza. Nikasema, mudogo wangu hataenda bila hii. Nilitoboa mi mwenyewe, na musumari ya mutumbwi." Nikamwambia umefanya vizuri, Mayo.

Tulipokuwa tunarudi, Bana Chanda alichelewesha hatua zake tukabaki nyuma. Yeye anajua. Amelala na wewe miaka yote, amesikia habari za tangi hilo kuliko habari za kanisa. Akasema polepole, "Mushonaji, ukienda kuichukua, mi sitaona." Basi.

Nilihangaika na neno hilo. Mpumbu ilikuwa bandani na kila kitu chake: kiti nilichokishona mara mbili, taa, spoki ulizozinyoosha moja moja, na sasa kabureta ya kuume. Ilikosa tangi tu. Mchomeleaji wa bandarini anayeziba makopo ya petroli angeweza kuyaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, moto mdogo. Nikajiambia Bashi Chanda mwenyewe angelichukua. Nikajiambia angenitukana kwa kuliacha linyeshewe. Na sisi wote tunajua mtu anayechukua kitu juu ya kaburi anaitwaje hapa: mchawi. Hakuna ambaye angeniletea tena hata kifungo nishone. Lakini si hilo lililonizuia, usinione mwoga.

Nilikwenda asubuhi, kabla Mayo Mwansa hajafika na ufagio wake. Nililiinua. Lilikuwa bado linanukia petroli kidogo. Nikaligeuza nitafute matundu, kwa sababu juu sikuyaona, wala ubavuni. Yalikuwa chini, Bashi Chanda. Yote chini, kule mahali panapokaa juu ya chuma na hapaonekani na mtu. Mayo Mwansa aliligeuza kwanza. Yule mama asiyejua plagi wala pistoni, aliyekuwa na msiba kichwani na nyundo mkononi, aliligeuza akatafuta mahali ambapo hataharibu rangi. Wewe pengine hukumwambia kitu. Alikuwa amekutazama tu ukilipangusa.

Nikalirudisha. Nilililaza sawasawa, krome ikitazama ziwa, nikaondoka. Ningelichukua, ningekuwa nimemwambia mbele ya watu wote kwamba zawadi yake ilikuwa kosa. Bora Mpumbu ife.

Lakini haikufa. Hapa ndipo utakaponitukana. Nilichukua kidumu cha njano cha mafuta ya kupikia, kile cha Bana Chanda, nikakitoboa kifuniko, nikaingiza mpira wa kupitisha petroli, nikakifunga kwa waya juu ya fremu. Ndiyo. Juu ya Mpumbu. Nakusikia. Kabureta niliifunga vibaya nikaifungua nikaifunga tena, kwa sababu mimi ni mtu wa viti, injini ilikuwa yako. Nikapiga kiki mpaka goti likakataa. Bana Chanda alikuwa jikoni anasikiliza, akatoka akifuta mikono. "Hapana hivyo. Yeye alifungulaka mafuta, anangojea. Anakanyaga kwanza polepole bila kuwasha. Kisha njo anawasha." Alikuwa ameyasikia yote kwa ukuta wa jikoni siku zote. Nikafanya alivyosema. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi wa aibu, halafu silinda zote mbili zikashika pamoja. Ee, rafiki yangu, sauti ile. Nene, ya chini, inaingia tumboni. Tulikuwa tunaizungumza tu, hatukuwahi kuisikia. Ulistahili wewe, si mimi. Nilisimama nimeshika usukani na sikuona mbele kwa machozi.

Mayo Mwansa, ambaye tangu msiba anakaa kwa Bana Chanda, alitoka ndani mikono kichwani. Alidhani sijui nini, alidhani ni wewe. Alilia jina lako la utotoni, ambalo sikulijua. Kisha akaja karibu, akaizunguka. Akatazama kidumu. Akatazama pale kidumu kilipofungwa, nafasi ile tupu chini yake. Si mjinga dada yako. Nikazima injini.

"Mushonaji," akasema. "Ile nilitoboa. Ilikuwa ya hii?"

Bana Chanda aliinamisha kichwa. Mimi sijawahi kuona uso wa mtu umesimama hivyo, unangoja neno moja. Nikacheka, naapa nilicheka vizuri. Nikamwambia, "Mayo, hapana. Ile ilikuwa ya urembo, ya kupanguza tu, Bashi Chanda aliipenda bure. Hii iko inakunywa mu kidumu. Njo maisha yake."

Kisha akapumua, mabega yakashuka, akakipigapiga kidumu kwa kiganja, akasema, "Mudogo wangu na bitu byake!" Akaingia ndani, na jioni ile alikula. Bana Chanda anasema ilikuwa mara ya kwanza anamaliza sahani tangu tukuzike. Tangu wakuzike.

Basi hivyo ndivyo itakavyokaa. Wanaojua pikipiki wakipita hapa, wakauliza mbona chombo kizuri namna hii kimevalishwa kidumu, nitasema tangi halikupatikana, na waniite fundi mbovu. Nitaiendesha Jumapili, shati jeupe. Nitaitunza Chisense na ile ya kijani, na mifupa miwili iliyobaki nitajaribu, ingawa bila wewe sijui nianzie wapi. Bana Chanda hatakosa kuni wala unga maadamu cherehani yangu inazunguka.

Lala salama, Bashi Chanda. Siku Mayo Mwansa atakapokuja huko kwako, atakukuta na tangi mapajani. Kama utakuwa na moyo wa kumwambia, mwambie wewe. Mimi huku sitasema.

Ni mimi,
Mushonaji wako