Bawaba Niliyoisogeza Nyuma

Douwe, uko wapi? Nimeanguka. Mbio za kuteleza barafuni, mita mia tano, na nimeanguka hatua ya pili.

Ni ile bawaba ya kiatu, inayounga soli na chuma cha kutelezea. Niliisogeza nyuma ili kisigino kiachane na chuma mapema, unakumbuka. Kimeachana mapema kweli, kabla sijasukuma. Ncha ikachimba barafu, na ule mlio wa springi kurudisha chuma kisiginoni, tak, sikuusikia. Nilichosikia ni kidevu changu.

Kocha Tjitske alikigeuza kiatu. "Ulipima ukiwa umekivaa?"

Nikasema nilipima mezani.

"Mezani. Na mguu ulikuwa wapi, bwana mshairi?"

Mezani, Douwe. Miezi minne ya kutoboa chuma.

Kisha Wiebren, mpinzani wangu wa klabuni, akawasomea wote ubeti niliouweka juzi kwenye kundi la simu la klabu:

Bawaba nimeitenga, nyuma kidogo ya dole,
Nikiondoka kwa nguvu, mtabaki palepale.

Palepale. Hata Kocha alicheka.

Mbio za pili ni baada ya dakika ishirini. Fremu zangu, vile vyuma na bawaba zake, Kocha amezikataa, na nisipomaliza, nafasi ya timu anapewa Wiebren.

Sasa sikiliza. Wiebren huyohuyo amekuja, kaniwekea miguuni fremu zake za akiba na bisibisi. "Funga, mshairi. Sitaki nafasi ya mtu aliyelala chini."

Nilitaka kumrushia. Nimeshakaza skrubu tatu.

Nikimshinda kwa fremu zake, itabidi nimtungie ubeti wa sifa. Na mstari wa kwanza umeshanijia. Hilo linaniuma kuliko kidevu.